Dishi la kukunjwa kwa setilaiti ndogo: mwavuli, paneli bapa au la kupuliza?

fundi_mawimbi: Wakuu habari za jioni. Hapa chuoni tunachora setilaiti ya mazoezi, tunataka dishi kubwa likunjwe likae ndani, likifika juu lijifungue lenyewe. Nimebaki na matatu: mwavuli wa wavu, paneli bapa, au la kupuliza kama puto. Ijumaa tunawasilisha. Mngechukua lipi?

Kasoro_dB: Masafa gani? Setilaiti saizi gani? Inalenga kwa usahihi wa nyuzi ngapi? Unauliza bei ya viatu hujasema namba ya mguu

fundi_mawimbi: Samahani mkuu, kyubusati ya 6U, yaani vijimchemraba sita vya sentimita 10. Masafa bado tunabishana, bendi ya S au Ka

Kasoro_dB: Sasa hapo ndo penye kesi. S ya 2.2 GHz wimbi lina sentimita 13 na ushee, wavu ukipinda milimita mbili hata husikii. Ka ya 26 GHz wimbi ni kama milimita 11.5, uso ukikosea zaidi ya robo milimita umeanza kupoteza. Setilaiti ya RainCube ya 2018 ilikuwa 6U hiyohiyo na mwavuli wa nusu mita kwenye Ka, ila ile ni NASA. Na kulenga hujajibu.

mama_antena: Paneli bapa. Setilaiti ndogo mbili za MarCO zilienda Mars 2018 na paneli tatu tu za bawaba, zikarusha data ya chombo cha InSight kikitua. Mwavuli wa nini?

Kasoro_dB: Dada paneli hizo bendi yake finyu, ukihama masafa kidogo gain (nguvu ya antena upande inakolenga) inashuka

bawaba77: Mwavuli msiniambie kitu. Sisi tulitengeneza wa sentimita 60, mbavu za futi ya fundi, umefungwa kwa mshipi wa nailoni unaokatwa na waya wa moto, mezani ulifunguka mara 11 bila shida tukapiga na picha, tukaupeleka kutikiswa kwenye mashine ya majaribio, kurudi mbavu mbili zimegoma, kumbe wavu umenasa kwenye kichwa cha skrubu, skrubu moja!! na profesa anasema ni graviti, juu hakuna graviti itafunguka. Tukaahirisha mwaka mzima.

mama_antena: Chombo cha Galileo hicho. 1991, mwavuli wa mita 4.8, mbavu zikagoma, wakabaki na kiantena kidogo hadi Jupiter

bawaba77: Na walikuwa wameusafirisha kwa lori huku na huko mpaka kilainishi kikaisha

Jirani_Malindi: Mbona setilaiti ya SMAP ina wavu wa mita 6 na unazunguka tangu 2015? Tatizo si mwavuli ni mafundi 😂 Halafu kwa nini usiongeze dishi la chini? Kipenyo mara mbili ni dB 6 zilezile, yaani nguvu mara nne, na skrubu ikilegea unapanda ngazi. Waitaliano hapa Malindi wana madishi miaka yote kwenye kituo chao cha anga.

Kasoro_dB: Hayo madishi ya Malindi utapewa wewe?

Jirani_Malindi: Usianze

fundi_mawimbi: La kupuliza hamjagusa

mama_antena: 1996 walipuliza la mita 14 kutoka kwenye shuttle, likajikunjua kwa kujipindapinda. Wewe na 6U gesi utaweka wapi?

mzee_wa_futi6: Samahani kuingilia, nina dishi la TV la bendi ya C la futi 6 la zamani halina kazi, naweza kupokea setilaiti za wanafunzi kwa hilo?

Jirani_Malindi: Mzee wavu wake una kutu?

mzee_wa_futi6: Kidogo, na kuku wanalala ndani