Wagonjwa wangu wote wanapumua 20, inchaji kanishika. Mnachukuaje taarifa za mgonjwa?

Binti_Ipuli

Wadau habari za usiku, shikamooni mlionizidi. Mi ni mwanafunzi wa uuguzi, diploma, saivi niko fildi kituo cha afya kimoja huku Tabora vijijini, jina tuliache. Leo nimeaibika hadi chakula cha jioni kimenishinda.

Inchaji, yaani msimamizi wetu, kachukua faili 11 nilizojaza wiki hii, kaziweka mezani, kaniambia soma kwa sauti pale penye upumuaji. Nikasoma. 20, 20, 20, 18, 20, 20, 20... akanikatisha, hiyo 18 ya nani? Nikasema sikumbuki sista. Akasema huyo wa 18 angalau ulimwangalia, hao wengine umewachonga tu. Na kweli, nisidanganye, nilikuwa naangalia mtu anapumua kawaida naandika 20 nasonga mbele, foleni imefika kwenye mwembe huko nje.

Halafu kuna lingine. Mama mmoja kaja anasema ana homa tangu juzi, nikampima joto 36.8, nikaandika "hana homa". Inchaji kanigeukia tena, eti nimemkanusha mgonjwa. Sasa themometa si ndo imesema? Chuoni tulifundishwa kuna taarifa anazokupa mgonjwa kwa mdomo wake na kuna zile unazoziona na kuzipima mwenyewe, mtihani niliufanya vizuri tu, ila nikikaa mbele ya mtu mwenye kikohozi na mtoto mgongoni anayelia vyote vinayeyuka. Naombeni mnielekeze, nyie mlioko kazini mnafanyaje kiuhalisia, sio kama kitabuni.

Mwisho_wa_Reli

Marahaba mdogo wangu. Niko Kigoma, wodini nina miaka mingi kuliko napenda kuhesabu. Kwanza pole, ila inchaji wako mshukuru, wengi hawafungui faili za mwanafunzi wanasaini tu.

Tuanze na huyo mama wa homa. Neno homa kwa mgonjwa siyo nyuzi joto. Mtu wetu akisema ana homa anaweza kuwa anamaanisha baridi usiku, au mwili mchovu, viungo vinauma, kichwa, au anaumwa tu basi hajui aanzie wapi. Unamuuliza, homa yenyewe inakuaje mama? Inakuja saa ngapi? Unatetemeka? Umemeza chochote leo? Nakuhakikishia nusu yao wamemeza panadoli asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, na panadoli inashusha joto masaa manne mpaka sita hivi, we unampima saa nne unakuta 36.8 unafurahi. Kwa hiyo unaandika vyote viwili: anasema ana homa siku mbili, baridi usiku, kameza panadoli saa moja asubuhi, joto sasa 36.8. Hapo hakuna aliyedanganya. Ukiandika "hana homa" tabibu atakayefuata anaweza asimpime hata malaria, na huku kwetu kanda hii malaria si ya kuifanyia mzaha.

Na maneno ya namna hiyo yako mengi. Kuna mtu anakwambia ana presha kumbe moyo unamwenda mbio tu akiwaza ada. Moyo unauma, muulize aguse kwa kidole, utashangaa anagusa chembe ya moyo pale juu ya tumbo, huenda ni vidonda vya tumbo. Tumbo kwa mama mjamzito nalo lina mambo yake. Usitafsiri haraka, andika kama alivyosema halafu ndo uchimbe.

Upumuaji sasa. Usimwambie mtu "nakuhesabu pumzi", akijua tu anabadilika, huyu anavuta taratibu kama yuko kanisani, yule anabana. Shika kiganja chake kama unahesabu mapigo, maliza mapigo, usiachie mkono, macho yapeleke kifuani, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia 12 mpaka 20. Akifika 25 kwenda juu mwili unakwambia kitu hata kama presha na joto viko safi, na mara nyingi pumzi ndo inatangulia kuharibika, zingine zinafuata nyuma. Ndo maana inchaji kaanzia pale.

Kwa mtoto mfunue nguo, asiwe analia wala ananyonya, dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Chini ya miezi miwili ikifika 60 ni haraka, miezi miwili mpaka kumi na mbili ni 50, mwaka mpaka mitano ni 40. Hizo ziandike nyuma ya kitambulisho chako. Na kabla ya namba zote hizo muulize mama: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? Ukiona mtoto kalegea haamki vizuri acha faili mbebe ukimbie naye, utaandika baadae.

Kitu cha mwisho halafu nilale. Wazee wetu wengine Kiswahili kinawapa shida, anakuja na mjukuu wa kutafsiri. Bibi anaongea Kiha dakika tatu, mikono inaenda, anaonyesha mgongo, anaonyesha mguu, anafuta machozi, mjukuu anakugeukia anasema "anasema kichwa". Usikubali hata siku moja. Mwambie mjukuu akwambie yote, hata asichoona cha maana. Siku moja nililazimisha hivyohivyo, kwenye zile dakika tatu bibi alikuwa ameshasema kinyesi chake ni cheusi wiki nzima, na hiyo inaweza kuwa damu inavuja tumboni.

Simba_wa_Unyanyembe

Mambo mazuri hayo yote ila tuseme ukweli, mhudumu mmoja, foleni ya watu sitini, mashine ya presha moja na betri zake za kubembeleza. Dakika nzima ya pumzi kwa kila mtu ni saa nzima imeondoka hapo hujagusa kitu kingine. Dogo asionekane mzembe, mfumo ndo umemfikisha kwenye hiyo 20.

Mwisho_wa_Reli

@Simba_wa_Unyanyembe nakuelewa kaka, hata mi nimeshaandika hizo 20 enzi zangu, sijifanyi malaika. Lakini themometa ya kwapani inakaa pale mpaka ilie, muda huo unafanya nini? Unahesabu pumzi. Na kama kweli umeshindwa kupima acha wazi, nafasi tupu inamwambia anayefuata kwamba hapa hapajapimwa. 20 ya kubuni inamwambia kila kitu kiko sawa.

Mama_Wawili

Mi siyo nesi, ni mgonjwa wenu tu, niko Nzega, naruhusiwa kuchangia? Naona mnajadili maswali ya kuuliza ila hamjasema mnaulizia WAPI. Nilienda kliniki moja nina mambo yangu ya kike, nesi yuko dirishani mimi niko nje kwenye benchi na watu nyuma yangu, mmojawapo shemeji yangu, ananiuliza kwa sauti hedhi ya mwisho lini, unatokwa na uchafu, una wapenzi wangapi. Nikataja tarehe, nikasema hapana, nikasema mmoja. Jibu la kwanza tu ndo lilikuwa la kweli. Nikapewa dawa ya kitu ambacho sina nikarudi baada ya wiki mbili nikiwa na hali mbaya. Afu unasikia wanasema wagonjwa waongo.

Binti_Ipuli

@Mama_Wawili mama pole sana, na kwetu meza ya kupimia iko kwenye korido hivyohivyo, sikuwahi kuwaza.

Kitabu_cha_Tano

Mimi ndo yule mnayemsahau, naingiza takwimu. Mnachoandika asubuhi kinakuja kwangu kwenye rejista ya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi najumlisha, inaenda kwenye mfumo wa wilaya. Nikifungua kitabu namba 5 cha OPD, yaani wagonjwa wa nje, naona maajabu: kijiji kizima kina miaka 30, 40, 45, 50 na 60. Hakuna mwenye 37 wala 52! Watu wanakadiria na nyie mnakubali. Sasa pale kwenye muhtasari watu wanagawanywa kwa umri, chini ya mwezi mmoja, chini ya mwaka, chini ya miaka mitano, 60 na zaidi, ukimpa mtoto wa miaka minne na miezi kumi "miaka 5" umemtoa kwenye kundi lake.

Mtu asiyejua alizaliwa lini usimuandikie 60 ya huruma. Muulize Operesheni Vijiji ile ya miaka ya sabini ulikuwa na umri gani? Vita vya Kagera ile 1978 ulikuwa umeolewa? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Nyerere kufariki 1999? Unafika karibu kabisa. Kwa mtoto omba kadi ya kliniki basi imeisha.

Na mwandiko jamani. Juzi nimekaa na neno moja robo saa, mi nasoma "jipu", mwenzangu anasoma "jino".

Mjukuu_wa_Isike

Binti ngoja nikupe kisa kimoja cha huku kwetu kwenye tumbaku maana uko Tabora kitakukuta.

Mimi ni tabibu. Msimu wa kuchuma alikuja kijana wa miaka kama 17, anatapika, kizunguzungu, kichwa, kapauka. Nesi kaandika homa na kutapika, mimi nikaamuru kipimo cha malaria, hakina kitu, nikamwandikia dawa ya kutapika na ya maumivu nikamrudisha. Siku ya tatu karudi vilevile, asubuhi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, nesi wa zamani, anasalimia kila mtu mwangaluka na kuulizia mifugo kwanza (mi nilikuwa naona anapoteza muda). Akamuuliza kijana, jana umeamka saa ngapi, ukaenda wapi, umevaa nini? Kijana: nimeamka saa kumi na moja, nimechuma tumbaku na umande wake, shati limelowa mpaka tumboni, nimekauka nalo hivyohivyo. Na usiku anatapika. Na siku ya kupumzika? Haumwi.

Nikotini hiyo, inayeyuka kwenye umande wa jani bichi inapita kwenye ngozi. Dawa kubwa ni kuvua ile nguo, kuoga kwa sabuni, kunywa maji, na kuacha kuchuma majani yakiwa yamelowa. Mimi na kipimo changu tulikuwa tunamzungusha tu. Na muwe makini, kama ni dawa ya kupulizia wadudu ndo imemwingia picha ni nyingine: mate mengi, jasho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Huyo ni dharura, hana muda wa foleni.

Toka siku hiyo swali la kazi siliruki. Na silipokei "mkulima" likiisha hapo, mkulima wa nini, jana ulishika nini.

Binti_Ipuli

Nimerudi, siku tatu zimepita. Jamani nimehesabu kweli sasa. Wa kwanza 16, wa pili 22, wa tatu bibi mmoja kakaa kimya kabisa kwenye benchi halalamiki, anasema kifua kidogo tu, nikahesabu 32 nikadhani nimekosea nikahesabu tena 31. Oksijeni kwenye kidole asilimia 88, iko chini. Nikamkimbilia tabibu faili sijamaliza hata jina. Amepewa oksijeni, jioni amepelekwa hospitali ya mkoa. Inchaji hajasema kitu ila leo kanipa chai.

Presha nayo nilikuwa naharibu, mtu ametembea kilomita sijui ngapi namfunga mkono palepale juu ya sweta. Mzee mmoja 168 juu ya 100, nikamkalisha dakika tano, mkono wazi, miguu asikunje, ikaja 138 kwa 84.

Meza tumeihamishia nyuma ya pazia la kanga, si chumba ila angalau.

Ila bado nina swali moja. Akina mama wamejifunika khanga mbili na sweta juu, kifua hakionekani kikipanda, na nikiwaambia wafungue wanajua namhesabu. Hapo mnafanyaje?

Mwisho_wa_Reli

Safi sana mdogo wangu, na hiyo chai kunywa.

Mkono wake unaoupimia mapigo ulaze juu ya kifua chake mwenyewe, chini kidogo, wako ukiwa umeushika. Huna haja ya kuona, mkono wako utapandishwa na kushushwa.