Malungu ya Ufipa, yale matanuru ya kale ya chuma, yawekewe uzio au yaachwe?

Mjukuu wa Mhunzi: Wakuu, juzi nimepita kijijini kwetu Nkasi, lile ilungu alilokuwa akitupeleka babu nimekuta mdomo umebomolewa, watu wamebeba udongo wakafyatulie tofali. Tanuru lenyewe linafika mita 3, udongo wa kichuguu mtupu, na halikuvukutiwa, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Serikali iweke uzio na tiketi, au tuliache na miiko yake?

Mwana Kagera: Uzio sawa, ila msisahau chuma kilianza kwetu Uhaya. Kijiji cha Katuruka alichimba mwanaakiolojia Peter Schmidt, ikaonekana ni zaidi ya miaka 2000. Nyie mmeiga.

Mjukuu wa Mhunzi: Tumeiga nini?? Nyie mlivukuta, sisi ilungu linajivutia hewa. Mivukuto tulitumia baadaye kwenye kintengwe, tanuru dogo la kusafishia kile chuma. Nionyeshe ilungu moja Bukoba.

Dada wa Sumbawanga: Kuiga ni neno zito kaka. Bibi alisema ilungu ni bibi harusi, lilipambwa, na mhunzi hakulala na mkewe mpaka kazi iishe. Hayo nayo tuliiga?

Mwana Kagera: Sijatukana mtu dada. Nasema sisi tulikuwa na joto la nyuzi 1800 Wazungu bado wanahangaika, liliandikwa mpaka kwenye jarida la Science 1978.

Fundi Kemia: Hapo punguza. Schmidt na mwenzake Avery walisema hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla haijafika kwenye makaa, ila watafiti wengine, Rehder na Killick, wakalipinga hilo na ubishi haujaisha. Halafu chuma cha matanuru haya hakikuwa maji, kinatoka bonge lenye mavi ya chuma (takataka zake) ndani, ndo maana linapondwa na kupashwa tena.

Mwana Kagera: Kwa hiyo wazee wetu waongo? Miaka ya 70 walilijenga tanuru upya kwa mikono yao, wakachoma matete ya kinamasi shimoni, chuma kikatoka watu wanaona! Wewe umeshawahi kutoa hata msumari?

Fundi Kemia: Hakuna aliyesema hakikutoka kaka. Ubishi ni hewa iliingia na moto kiasi gani, basi. Hayo matete ndo ufundi wenyewe, makaa yake yanaingia mpaka ndani ya chuma, mi nawavulia kofia.

Dada wa Sumbawanga: Na uzio je? Mkiweka tiketi hela inakwenda halmashauri, sisi wa kijijini tunabaki kufyeka majani. Mi sitaki.

Mjukuu wa Mhunzi: Bora tufyeke dada kuliko kukuta tofali. Mvua za Novemba zikishuka lile tundu linakunywa maji na ukuta wote unalala. Mwenye namba ya afisa utamaduni wa wilaya anitumie inbox, leo hii.