Eti "zima hiyo mashine, wageni wanapiga picha"! Hombolo yetu ya Dodoma tumefikia huku?

Zabibu Chungu: Wakuu, hapa nilipo vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule mnamjua. Simtaji. Yule mwenye kofia, ambaye gari lake ukiliona mbele, nyuma bado liko Ihumwa.

Leo kanikuta bwawani namwagilia nyanya. Jua la saa saba, miche imelala chini hoi. Kashusha kioo nusu: "Kijana, zima hiyo mashine, wageni wanapiga picha."

Wageni. Wanapiga. Picha.

Nina miaka 46 na mjukuu, naitwa kijana! Hata "pole na kazi" hakuna! Na gari kalipandisha wapi? Juu ya tuta la bwawa! Tuta la udongo la mwaka 1957, la mkoloni, limeota vichaka, ng'ombe wanalikanyaga kila jioni, yeye kaongezea chuma chake na spika zake, eti wageni waone jua likizama. Saa saba mchana!

Bwawa lenyewe limejaa tope, maji yana chumvi mpaka mchicha unaungua, na hayo hayo ndiyo tunayoyagombania. Petroli nimenunua mimi. Halafu nizime. Wageni wanapiga picha!! Mods msiufute huu.

Ugali Moto: Ulizima au hukuzima?

Zabibu Chungu: Hilo siyo swali la msingi.

Ugali Moto: Kazima huyu 😂😂

Kambale Mkavu: Kazima, na picha kawapiga yeye.

Fundi Mchundo: Cheka tu, ila tuta la udongo siyo barabara. Magurudumu yanachimba mifereji, mvua ya Januari inapita humo humo. Mizizi ya vichaka ikioza inaacha matundu. Ukiona maji yanavuja upande wa chini na ni meupe, yaangalie kila siku. Yakiwa na udongo, kimbia. Bwawa la Solai kule Nakuru, Kenya, 2018, lilipasuka usiku, wakafa watu zaidi ya arobaini.

Ugali Moto: Fundi umekuja kutuzimia uzi na wewe.

Kambale Mkavu: Na nyie wa mashine mnyamaze. Mafuta yenu yanamwagikia majini, perege wananuka petroli. Bado wale wa nyavu za kokoro wanaozoa mpaka vifaranga. Hao hamuwafungulii uzi?

Bi Mkubwa wa Area D: Msinikumbushe perege! Jana wanne, wadogo, elfu kumi. Mmoja macho yamezama ndani.

Kambale Mkavu: Ulinunua wapi dada?

Bi Mkubwa wa Area D: Majengo.

Kambale Mkavu: Hao siyo wa kwetu. Wa bwawa la Mtera hao.

Zabibu Chungu: Jamani, turudi kwenye mada. WAGENI. WANAPIGA. PICHA.

Bi Mkubwa wa Area D: Wa Mtera nitawajuaje sasa, wakishakaangwa?

Ugali Moto: Dada leta huku tuonje kwanza, ndiyo tutajua.