Naomba ushauri: je, kuonyesha kazi za wanafunzi nje ya darasa kutaongeza ari yao?

Mwalimu_Ramani: Walimu wenzangu, nafundisha sayansi na jiografia kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Kila muhula huwapa mradi, kama vile kupima mvua, kuchora ramani ya eneo la shule au kuchunguza wadudu wa bustanini. Wachache hujituma, waliobaki hutafuta alama tu, na kazi ikishasahihishwa hakuna anayeigusa tena, hata mwenyewe aliyeiandika. Nafikiria kuzitoa kazi hizo hadharani, ama kwa maonyesho ama kwa kuziweka mtandaoni. Ninachohofia ni wale wenye haya na wale ambao kazi zao bado ni dhaifu: je, hawatavunjika moyo kabisa?

Kalamu_Nyekundu: Mwalimu, wazo hili lina historia. Katika miaka ya 1920, Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini nchini Ufaransa, aliingiza mashine ya kuchapia darasani mwake. Wanafunzi wakawa wanaandika habari zao, wanapanga herufi kwa mikono yao, wanachapa, kisha wanabadilishana maandishi hayo na wanafunzi wa shule ya mbali. Linalonivutia ni kwamba wasomaji wale hawakuyajua mazingira ya waandishi, kwa hiyo mwandishi alilazimika kueleza jambo mpaka lieleweke. Mwalimu anayesahihisha analijua jibu tayari, na kumweleza yeye ni sawa na kumwelekeza mwenyeji njia ya kwenda kwake.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga maonyesho, jiulize ni nani hasa anayehitaji kujua walichokigundua. Vipimo vya mvua vina wakulima wake. Ramani ina wanafunzi wapya na wageni wa shule. Hadhira isiyo na haja na kazi hupiga makofi na kuondoka, na watoto hulitambua hilo upesi kuliko tunavyodhani.

Mdadisi: Hofu yako ina msingi. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc, akipitia majaribio ya watafiti waliomtangulia, alieleza kwamba kuwapo kwa watazamaji humsaidia mtu katika jambo alilokwisha kulizoea, lakini humkwamisha katika lile ambalo bado anajifunza. Basi rasimu ya kwanza isitoke nje. Isomwe na wenzao darasani, ikosolewe kwa upole lakini kwa undani, iandikwe upya, ndipo ionyeshwe. Mwenye haya si lazima asimame mbele ya watu: anaweza kuandika maelezo ya bango, au kujibu maswali ya wageni kwa maandishi.

Mkutubi: Kwa upande wa mtandao, pata kwanza idhini ya wazazi kwa maandishi, usiweke majina kamili wala sura za watoto, na ukumbuke kwamba picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Mwanafunzi asiyetaka kazi yake ionekane asipunguziwe alama.

Sina_Haraka: Naongeza tahadhari moja: msigeuze jambo hili kuwa mashindano ya zawadi. Katika jaribio la wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett lililochapishwa mwaka 1973, watoto wadogo waliopenda kuchora na kuahidiwa cheti walipungukiwa na hamu ya kuchora baadaye, ilhali waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa. Kuhesabu ni wangapi waliobofya kitufe cha kupenda, kwa maoni yangu, kuna hatari hiyo hiyo.

Mwalimu_Ramani: Nawashukuru. Nitaanza na ramani, kwa ajili ya wanafunzi wapya, na vipimo vya mvua vitasubiri. Swali moja limebaki: nani achague hadhira, mimi au wao?

Kalamu_Nyekundu: Safari hii chagua wewe, maana tayari umemwona mwenye haja. Ila waache wao wawaulize wanafunzi wapya ni wapi walipotea walipofika shuleni, kabla mstari wowote haujachorwa.