Nasoma Marekani kwa visa ya F-1, nataka leseni ya urubani: nianzie wapi?

Msukuma_Iowa
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Ames, Iowa, mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Kuna uwanja mdogo wa ndege karibu na chuo, kila jioni nasikia vi-Cessna vinazunguka na kitabu kinagoma kusomeka. Nimepigia shule moja ya urubani, wanasema nikilipa gharama yote mwanzoni napata punguzo. F-1 inaniruhusu? Hela ya kuunga-unga itatosha? Na nikirudi Tanzania leseni hiyo itatambulika?

Bwana_Shamba
Mkuu maliza digrii kwanza, ndege hazikimbii.

DadaMawingu
Zinakimbia sana tu, ndiyo kazi yake 😄

Mdogo wangu, mimi niliipata nikiwa nafanya shahada ya uzamili Nebraska, kwa hiyo baridi yenu naijua. La kwanza: usilipe yote mwanzoni, hata wakikupa punguzo gani. Shule za urubani zinafungwa ghafla, na hela ya mwanafunzi ndiyo hupotea. Lipa somo kwa somo, au weka akiba ya masomo mawili matatu tu.

Kabla ya hela, nenda kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. F-1 haikuzuii kujifunza kuruka kama jambo la pembeni, mradi masomo yako kamili yanaendelea, lakini mweleze na akujibu kwa barua pepe. Kurusha kwa malipo hapana. Anayekuja Marekani kwa ajili ya urubani wenyewe huwa na visa nyingine, M-1.

Halafu TSA, wale wa usalama wa usafiri wa Marekani. Asiye raia lazima achunguzwe kabla ya kuanza mafunzo: unajisajili kwenye mtandao wao, unachagua shule au mkufunzi aliyesajiliwa nao, unalipa dola 140, unatoa alama za vidole. Ile safari moja ya kuonja haihitaji haya, kwa hiyo nenda ukaonje wakati unasubiri majibu.

Sasa saa za kuruka. Sheria ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inasema angalau 40, kati yake 20 na mkufunzi na 10 peke yako. Hizo 40 ni za kwenye karatasi. Wewe piga hesabu ya 60 hadi 70, na bajeti uitoe hapo. Kinachoongeza saa ni mapengo: ukikaa wiki mbili bila kuruka, somo linalofuata unalipia kukumbuka ya zamani. Ndiyo maana nakushauri masomo uyabane kwenye likizo ya kiangazi, uruke mara tatu au nne kwa wiki. Januari huko injini lazima ipashwe joto kabla ya kuwashwa, na upepo wa ubavuni unafuta ratiba yako hovyo. Ila siku moja ya baridi iliyotulia, utapenda. Hewa nzito, ndege inapanda yenyewe.

Mimi kutua hakukunitisha kama redio. Hapo Ames hakuna mnara wa kuongozea ndege, unatangaza mwenyewe uko wapi na unafanya nini, raha mustarehe. Lakini sheria inadai utue na kuruka peke yako mara tatu kwenye uwanja wenye mnara, na wale wa mnarani wanaongea kama konda wa daladala saa ya jioni. Dawa yake: ukiita mara ya kwanza jitambulishe kuwa ni mwanafunzi. Wanapunguza kasi, na lafudhi yako hawaishangai. Kabla ya hapo sikiliza masafa yao kwenye simu ukiwa unapika.

Kanairo_172
Kuongezea kwa yale dada amesema. Leseni ya FAA inabadilishwa huku, kwa mamlaka za anga, KCAA kwetu Kenya na TCAA kwenu, lakini utafanya mtihani wa sheria za anga za nyumbani na upimwe na daktari wao. Omba FAA wathibitishe leseni yako kwa barua, na logbook yako, daftari la saa za kuruka, isikose sahihi na namba ya leseni ya mkufunzi. Ukihama Marekani kabisa, FAA siku hizi inataka uwe na wakala mwenye anwani kule.

Pia boss, PPL, hiyo leseni ya rubani binafsi, si kazi. Leseni ya biashara kule huanzia saa 250, au 190 kwenye shule zenye mtaala ulioidhinishwa. Na ukija uwanja wa Wilson, Nairobi, ujue uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hiyo Cessna 172 inayopaa kama mshale huko Iowa, hapa saa nane mchana na watu wanne ndani inapanda ikifikiria.

Msukuma_Iowa
Asanteni sana. Dada, navaa miwani, si nitakwama kwa daktari anayepima afya ya marubani?

DadaMawingu
Miwani haina shida, uone vizuri ukiwa umeivaa. Wanaangalia pia kama unatofautisha rangi. Kama kuna dawa unayotumia kila siku, hasa ya usingizi, msongo au kutulia darasani, zungumza na daktari wa anga kabla hujatuma fomu ya afya. Fomu ikishatumwa na daktari akaifungua, hairudi nyuma.