Naomba ushauri: vitufe vya menyu vinanitia hasara bandani

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gemu Ngamiani hapa Tanga, tivii moja, pedi mbili. Nilinunua mashine ya PlayStation ya mtumba, kumbe ilitengenezwa kwa soko la Japani. Kule kitufe cha duara kwenye pedi ni kukubali, cha X ni kukataa. Hata mwalimu wao jibu sahihi hulizungushia duara. Haya, ni mila yao. Ila menyu ya mashine inataka duara, ukiingia kwenye gemu la mpira inataka X!

Juzi dogo mmoja alikuwa anasaka data zake, likatokea swali la kufuta. Akabonyeza duara akidhani anarudi nyuma. Ligi ya wiki nzima kwisha. Nikarudisha hela za watu, wengine hawakucheza hata mechi moja (ujinga wangu).

Nimebandika plasta nyekundu kwenye duara, jasho likaibandua siku ya pili. PS5 (PlayStation 5), iliyotoka 2020, X ni kukubali hata Japani, lakini bei yake siiwezi.

Aliyewahi kuwa na mashine kama hii aliibadilishaje? Au niiuze tu?