Vitabu vipya vya waandishi wanaojichapishia: nianze na cha kijasusi, mapenzi, hamasa au cha watoto?

Kabati Tupu
Wakuu habari za jioni. Tuna kagrupu ketu ka kusoma, kila mwezi mtu mmoja anachagua kitabu kipya cha mwandishi anayejichapishia mwenyewe, tunasoma wote alaf yeye anaandika mapitio. Mwezi huu zamu yangu. Nimeshaulizia vinne:

- riwaya ya kijasusi, karatasi, 15,000, mwandishi anakuletea mwenyewe ulipo
- ya mapenzi, soft kopi ya WhatsApp, 3,000
- cha hamasa ya mafanikio, 20,000, jalada linang'aa, mwandishi kavaa suti kakunja mikono
- hadithi ya watoto ya picha, 10,000

Majina ya vitabu siyaweki maana wawili kati ya hao waandishi najua wanapitaga humu. Hela ya vyote ipo ila muda haupo. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi, na kwanini? Msiniambie "vyote vizuri" tafadhali.

Sehemu Ya Mwisho Iko Wapi
Mapenzi bila kufikiria mara mbili 😂 mi hizi simulizi za Facebook nazisoma tangu wanaweka sehemu moja kila usiku saa tatu. Wale watu wanajua kukushika, kila sehemu inakatika mlango unagongwa au simu inaita jina la mchepuko, unalala umekasirika. Maongezi yao pia yako hai, wahusika wanaongea kama majirani zangu kabisa.

Ila uelewe unanunua nini. Soft kopi nyingi ni zile zile sehemu 60 zimeunganishwa bila mtu kuzipitia tena, kwahiyo kila baada ya kurasa nne unakumbushwa Zulfa alikuwa nani na alimfumania nani, maana kwenye Facebook ilibidi akumbushe. Kwenye kitabu inachosha. Na mwisho unakimbizwa, mtu kapata ajali, kapona, kaolewa, kurasa mbili tu, kwasababu walipaji walishalipa na mwandishi yuko kwenye simulizi nyingine. Kabla hujatuma hela muulize hivi, umeihariri iwe kitabu au umeunganisha tu? Akijibu kwa hasira ushapata jibu.

Joram wa Buguruni
Kijasusi mkuu. Watu wanaona kujichapishia ni jambo la juzi, kumbe Ben Mtobwa, yule mwandishi wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na vitabu vyake vikatembea nchi nzima, mpaka leo vikuukuu vyake watu wanavigombania. Kwahiyo njia ilishafunguliwa.

Tatizo la hawa wapya ni moja, wengi wanaandika sinema waliyoiona. Mpelelezi ana miaka 28, anaongea lugha saba, CIA wanamuogopa, Mosadi wanamuogopa, bastola yake haiishiwi risasi. Sawa, lakini ukimuuliza anatokaje Tandika kwenda Posta saa mbili asubuhi hajui, yani kwenye kitabu barabara haina foleni! Mimi nachokiamini ni kile ambacho mwandishi anaijua mitaa. Kuna kimoja nilisoma mwaka huu, mtuhumiwa anakimbia kupitia uchochoro wa Kariakoo nyuma ya maduka ya vitenge, na ule uchochoro naujua, unatokea kweli anakosema. Hapo nikaamini mpaka bomu lake la uongo.

Fungua katikati usome kurasa mbili. Sura ya kwanza kila mtu anaipiga pasi, katikati ndo utaona Inspekta Mrisho kageuka Inspekta Mringo na hakuna aliyeshtuka.

mama_wawili
Mnabishania ya wakubwa tu 🙄 Chukua cha watoto. Kwanza kinasomwa dakika kumi, pili mhakiki wako yupo nyumbani na hajui kupaka mafuta. Wangu mdogo kitabu kikimshinda anakiacha sakafuni anaondoka, mapitio yameisha.

Vitu vya kuangalia. Picha za rangi ndo zinakula hela ya mwandishi, kwahiyo wengi wanabana pale. Siku hizi wanachora na programu za akili bandia, ukiangalia vizuri Juma ukurasa wa tatu ana shati la bluu na sura ya mviringo, ukurasa wa nne ni mtoto mwingine kabisa, vidole sita, na nyumba ya kijijini ina bomba la moshi kama Ulaya. Watoto wanaona hivyo vitu kabla yako. Alaf vile vya kubana kwa pini kurasa lazima zigawanyike kwa nne, sasa hadithi ikiisha mapema wanajaza nyuma na maswali ya ufahamu. Mtoto anajua hapo ni shule imeanza, anafunga.

Maneno yakiwa mistari miwili mitatu kwa ukurasa na picha zimechorwa na mtu mmoja, lipa hiyo 10,000 bila kuomba punguzo.

Mzee wa Tarbia
Asalaam aleikum. Mombasa hapa. Nimesoma orodha yako mwanangu na sikuona diwani ya mashairi hata moja, nikasikitika. Mashairi ndiyo rahisi kuliko yote kumkagua mwandishi asiye na mhariri, kwani shairi la tarbia lina mishororo minne kwa ubeti, na mshororo kwa kawaida mizani (yaani silabi) kumi na sita, nane kwa nane. Hesabu kwa vidole. Akikupa kumi na tano hapa na kumi na saba pale wala hajui, mrudishie kitabu chake kwa adabu.

Asikwambie mtu "mimi naandika huru" ikawa ndiyo kisingizio. Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974 wazee wetu waliteta sana, lakini yule alijua anachokiacha. Hawa wa sasa wengi hawajaacha kitu, hawakuwa nacho.

Sehemu Ya Mwisho Iko Wapi
Mzee shkamoo 😂😂 ya mwisho hiyo kali

Joram wa Buguruni
Cha hamasa mbona hamna anayekitetea

Fundi Vitunguu
Nakitetea mimi, nusu. Vile vya "amka saa kumi alfajiri ubadilishe maisha" achana navyo, kitabu kile kile kinabadilishwa suti tu. Lakini kuna watu wanaandika kuhusu kitu walichofanya kwa mikono, mi nilinunua cha jamaa wa kilimo cha vitunguu, uandishi wake mbovu hata koma hajui, lakini kaweka kila kitu, mbegu kilo ngapi kwa eka, maji siku zipi, na msimu ulioungua hasara ilikuwa shilingi ngapi. Hapo kwenye hasara ndo pa kutazama. Mwandishi wa mafanikio asiyetaja hasara kwa tarakimu, hiyo 20,000 yako ndo mafanikio yake.

Wanjiku hapa
Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku duka la vitabu la Nuria ndio limejulikana kwa kuuza vitabu vya waandishi waliojichapishia, ingawa vingi ni vya Kizungu. Sasa mimi nauliza mbona hakuna aliyetaja Kindle, vile vitabu vya kielektroniki vya Amazon? Uzuri wake unasoma kipande cha mwanzo bure kabla ulipe. Ubaya uko kwa mwandishi wetu, Amazon wanampa asilimia 70 akiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99, lakini hiyo inategemea pia mnunuzi yuko nchi gani, mtu wa Nairobi ama Dar akinunua mwandishi anabaki na 35. Kumtumia hela kwa simu anakula karibu yote. Kwa hivyo mimi huonja Kindle halafu natafuta mwandishi mwenyewe.

Na kuhusu hizo simulizi za vipande msizidharau, Andy Weir alianza kuweka riwaya yake The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake, wasomaji wakawa wanamkosoa hesabu zake za sayansi anarekebisha, akaiuza Kindle senti 99, mwaka 2014 ikatolewa na mchapishaji mkubwa. Tofauti ni kwamba wasomaji wake walimkosoa. Wetu wanaandika "next" tu kwa komenti.

Kalamu Butu
Mi ni mwandishi, na sio hao wawili wa Kabati kwahiyo niongee kwa uhuru. Kitabu changu nimelipa mchapaji, jalada, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) nikaifuata Bodi ya Maktaba, ilipofika zamu ya mhariri hela imekata, nikampa shemeji asome. Wengi tuko hivyo. Hata Tuzo ya Nyerere ya uandishi bunifu inapokea miswada isiyochapishwa, ukishajichapishia umeshajitoa.

Ninachoomba kwenye mapitio ni ukweli wenye ukurasa. "Hongera sana kitabu kizuri" hainisaidii chochote, na Amazon wenyewe hawaruhusu ndugu wala rafiki akuandikie mapitio. Ukiniambia ukurasa wa 84 huyu mama alikuwa ameshakufa mbona anapika, hiyo nairekebisha kabla sijachapa tena. Sisi tunachapa nakala chache chache, kosa linafutika. Nilitegemea siku moja nipate mtu wa namna hiyo, mpaka leo napata vidole gumba 👍

mama_wawili
Kwahiyo yule mama alikuwa amekufa kweli? 😂

Kalamu Butu
Sura ya sita, malaria. Shemeji hakuona.

Kabati Tupu
Aisee nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia. Sawa, nimeamua, tunaanza na cha kijasusi, leo nimekutana na mwandishi nikafungua katikati kama Joram alivyosema, majina yametulia na daladala ya Gongo la Mboto inachelewa kama kawaida yake. Cha watoto nakinunua pia, nampa mpwa wangu akikague. Cha suti nimemuuliza mwandishi hasara yake ilikuwa kiasi gani, kaniambia yeye hajawahi kushindwa.

Kalamu Butu nicheki inbox, hicho cha mama anayepika kinauzwaje?